SOMO: SHAIRI NA TENDO DOGO LA WEMA

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Enyi wazazi na vijana wetu, aliyejaaliwa kipawa cha ushairi huguswa na mambo ambayo wengine huyapita. Tendo dogo la wema humzalia beti nyingi. Je, beti hizo zina thamani gani mbele ya Mola wetu?

Tupige mfano. Mjini Brussels, nchini Ubelgiji, iko barabara iitwayo Chaussée de Wavre. Huanzia Porte de Namur na kupita Matonge, mtaa uliopewa jina la mtaa wa Kinshasa. Madukani humo huuzwa mihogo, ndizi na vitenge. Tuseme kijana wetu, mgeni huko, anapita siku ya mvua. Anamwona mwenye duka akiacha biashara yake, akimchukulia bibi kizee mfuko wa mihogo mpaka kituo cha basi, wala si jamaa yake. Kijana akaguswa, akarudi chumbani, akatunga shairi juu ya huruma. Kesho yake akapita tena, akili yake yote ikitafuta kina cha ubeti wa mwisho. Bibi yule yule alikuwa mbele yake na mzigo wake. Kijana hakumwona.

Huyo amepata shairi, amekosa somo.

Mwisho wa Surat Ash-Shu'araa (aya 224 hadi 227) wamelaumiwa washairi wanaosema wasiyoyatenda; kisha wakavuliwa katika lawama hiyo walioamini, wakatenda mema na kumkumbuka Mwenyezi Mungu kwa wingi. Basi ushairi wenyewe si aibu. Sheikh Nuru-d-Din As-Salimy, aliyefariki mwaka 1914, alifundisha fiqhi kwa mashairi katika Jawhar An-Nidham. Sheikh Abu Muslim Al-Bahlany, aliyefariki Unguja mwaka 1920, alikuwa mshairi mkubwa na kadhi pia. Aibu ni kauli kukosa amali. Nasi Ibadhi twashika kuwa imani ni kauli na amali pamoja.

Wala mtu asidharau udogo wa tendo. Surat Al-Maa'un yawalaumu wanaozuia msaada mdogo, na wafasiri wameutaja kuwa ni vitu vya kuazimana majirani, kama ndoo na shoka. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni tawi la imani, na kumkunjulia ndugu uso ni sadaka.

Maswali ya kujadili nyumbani:

1. Washairi gani wamevuliwa katika lawama, na kwa sifa zipi?
2. Kijana wa mfano wetu alipaswa kufanya nini kabla ya kumaliza shairi lake?
3. Kumbuka wema mdogo uliotendewa wiki hii. Mtendee mwengine mfano wake. Kisha, ukipenda, uutungie shairi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kauli zetu zifuatane na vitendo vyetu. Amin.