Kidonda Kufunga Si Kaswende Kupona

Kaswende ni ugonjwa wa zinaa unaotibika kwa sindano. Hata hivyo, unaendelea kuharibu mimba na afya za watu wazima kwa kuwa dalili zake hutoweka zenyewe kabla mgonjwa hajatibiwa.

Jinsi ugonjwa unavyojificha

Kaswende huenezwa na bakteria kwa njia ya kujamiiana bila kinga, na mama mjamzito huweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Wiki 3 hivi baada ya maambukizi, hutokea kidonda kisichouma sehemu za siri, kwenye njia ya haja kubwa au mdomoni. Kwa mwanamke, kidonda huweza kuwa ndani ya uke asikione. Baada ya wiki 3 hadi 6 kidonda hufunga, hata bila dawa. Baadaye huweza kutokea upele usiowasha, hasa kwenye viganja na nyayo, nao pia hupotea. Ugonjwa huweza kukaa kimya kwa miaka mingi, na kwa baadhi ya watu huishia kudhuru moyo, ubongo au macho.

Hapo ndipo kosa hutokea. Mwanamume mwenye kidonda hununua vidonge dukani. Kidonda kinapofunga, huamini amepona. Miezi kadhaa baadaye mkewe huhudhuria kliniki ya wajawazito, kipimo kinaonyesha kaswende, na lawama zinaanza nyumbani. Kipimo hicho hakionyeshi nani aliambukizwa kwanza. Kinachotakiwa ni wote wawili kufika kituoni.

Kipimo na tiba

Kipimo cha haraka hutumia tone la damu ya kidole, na majibu hupatikana chini ya nusu saa. Tiba ya kwanza ni sindano ya penisilini ya benzathini: kwa kawaida dozi moja kwa maambukizi ya karibuni, na dozi 3, moja kila wiki, kwa maambukizi ya muda mrefu au yasiyojulikana yalianza lini. Mwenye mzio wa penisilini amweleze mtoa huduma kabla ya kuchomwa. Homa na maumivu ya mwili huweza kutokea ndani ya saa 24 baada ya sindano ya kwanza. Hali hiyo isiwe sababu ya kuacha dozi zilizobaki.

Aliyetibiwa anapaswa kutunza kumbukumbu za matibabu yake, kwa kuwa kipimo cha haraka huweza kuendelea kuonyesha kaswende hata baada ya kupona. Tiba haimkingi mtu asiambukizwe tena. Kwa hiyo, kujamiiana kusubiri hadi vidonda vipone na mwenza awe ametibiwa, na kondomu zitumike baada ya hapo.

Kwa wajawazito

Kaswende isiyotibiwa huweza kusababisha mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa mfu au njiti, au kuzaliwa na ugonjwa. Mjamzito anashauriwa kuanza kliniki mapema, akiambatana na mwenza wake, kwani sindano humlinda mtoto vizuri zaidi inapotolewa mapema. Inapaswa kuwa angalau siku 30 kabla ya kujifungua. Aliyechelewa naye asikate tamaa, bali afike kliniki mara moja.

Mkazi mwenye kidonda, upele au wasiwasi wowote anaweza kuanzia zahanati iliyo karibu naye. Majibu na maelezo yake ni siri kati yake na mtoa huduma.