Takataka zilizojificha kwenye kompyuta, na zile zinazofanana na takataka



Kila muhula ukikaribia kwisha huwa naulizwa swali lile lile: "Kaka, diski yangu imejaa na sijaweka kitu kipya. Nafasi imekwenda wapi?" Muulizaji huwa na kompyuta ya mtumba yenye diski ya GB 64 au 128. Tasnifu yake imo humo, Word imeanza kukataa kuhifadhi, na siku ya kuwasilisha iko karibu. Akijumlisha nyaraka, picha na darsa za sauti, hazifiki hata GB 20. Nafasi nyingine imeliwa na mafaili asiyoyaona.

Nitazungumzia Windows, kwa kuwa ndiyo wengi wetu tunayoitumia. Kompyuta zetu nyingine zimekuja kwa Kiingereza na nyingine kwa Kifaransa, kwa hiyo sitataja majina ya vitufe. Nitatumia amri zisizojali lugha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, kidirisha kidogo kitafunguka, andika amri humo kisha bonyeza Enter.

Kwanza tuelewane juu ya neno "kufichwa". Windows haifichi mafaili kwa sababu ni takataka, inayaficha kwa sababu haitaki yaguswe ovyo. Humo mna uchafu wake, mna viungo vyake, na mna kazi yako mwenyewe ambayo hukujua kuwa iko humo. Anayefuta kila faili lenye jina geni anaweza kupata GB 3 na kupoteza sura nzima ya tasnifu.

Anza na %temp%. Hii ni folda ambamo programu huweka vipande vyao vya muda. Programu inatakiwa kuvifuta ikimaliza kazi, lakini umeme ukikatika au programu ikiganda, vinabaki. Ni kama maji yanayojikusanya chini ya mtumbwi: hata kama haujatoboka, lazima uyakumbe mara kwa mara. Chagua vyote, futa, na vile ambavyo Windows itasema vinatumika viache.

Lakini subiri. Kama kompyuta ilizimika ghafla jana au juzi ukiwa unaandika, usifute chochote kabla ya kufungua Word. Word huweka nakala za dharura zenye mwisho wa .asd ndani ya %appdata%\Microsoft\Word, na nyaraka ambazo hukuwahi kuzipa jina huziweka %localappdata%\Microsoft\Office\UnsavedFiles. Folda zote mbili zimefichwa, na majina ya mafaili yake ukiyatazama haraka utasema ni uchafu mtupu. Fungua kwanza, hifadhi kinachorudi, kinakili kwenye flashi, ndipo usafishe.

Uchafu mkubwa zaidi uko kwenye masasisho, yaani zile apdeti. Andika cleanmgr, chagua diski C, kisha bonyeza kitufe cha kusafisha mafaili ya mfumo. Utaletewa orodha yenye ukubwa wa kila kitu: mabaki ya masasisho ya zamani, vijipicha, pipa la taka, na wakati mwingine Windows nzima ya zamani iliyobaki baada ya kuhamia toleo jipya. Soma orodha kabla ya kuweka alama. Matoleo kadhaa ya Windows 10 yaliingiza humo hata folda ya vitu ulivyopakua, na wengi wetu hiyo ndiyo maktaba yetu.

Mkiona folda ya WinSxS ndani ya C:\Windows, msiishike kwa mkono. Ukubwa wake unatisha, lakini sehemu kubwa ni mafaili yale yale ya Windows yanayohesabiwa mara mbili. Anayetaka kuipunguza afungue kidirisha cha amri kwa mamlaka ya msimamizi na aandike Dism /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup, kisha angoje.

Liko pia faili la hiberfil.sys, ambalo kwenye Windows 10 kwa kawaida ni kama asilimia 40 ya RAM. Ukiwa na RAM ya GB 8, hizo ni zaidi ya GB 3. Amri ya powercfg /h off, nayo kwa mamlaka ya msimamizi, huliondoa papo hapo, na mafundi wengi huishauri bila kufikiri. Mimi siishauri kwa mwenye betri iliyochoka. Faili hilo ndimo Windows inamohifadhi kila kilichofunguliwa kabla ya kulala usingizi mzito betri inapokaribia kwisha. Ukiliondoa, chaji ikiisha kazi isiyohifadhiwa imekwenda.

Hapa ndipo ninapotofautiana na maelekezo mengi yanayosambazwa. Yameandikwa na watu wenye intaneti isiyohesabiwa. Mimi nyumbani ni Nkombo, kisiwa cha Ziwa Kivu kilicho wilaya ya Rusizi. Ukitoka Kigali unapita msitu wa Nyungwe, unafika Kamembe, kisha unateremka ziwani kutafuta mashua. Huko kompyuta yangu inapata intaneti kutoka kwenye simu, na simu inapata kutoka kwenye bando nililolilipia. Sasa chukua folda ya C:\Windows\SoftwareDistribution\Download, ambamo masasisho hukaa yakisubiri kuwekwa. Mwenye Wi-Fi ya chuo akiifuta, Windows itapakua upya na hatahisi kitu. Mimi nikiifuta kisiwani, nitalipia mzigo ule ule mara ya pili. Akiba ya kivinjari ni hivyo hivyo: kurasa na picha zilizokwisha kupakuliwa zitapakuliwa tena, kwa faida ya nafasi ndogo tu. Kinachoitwa takataka chuoni, kisiwani ni akiba.

Kwa hiyo mbele ya faili geni mimi huuliza: nani amelitengeneza, je, linaweza kutengenezwa tena, na kwa gharama ya nani? Lililotengenezwa na mashine na linalorudi bure, futa. Linalorudi kwa bando, ngoja. Lililotengenezwa na mkono wako halirudi kabisa.

Kiutendaji maana yake ni kufanya usafi chuoni wiki moja kabla ya likizo. Acha masasisho yapakuliwe na kuwekwa hadi mwisho, zima na uwashe mpaka kompyuta itulie, tumia siku mbili tatu kuhakikisha haina tatizo, ndipo uendeshe cleanmgr. Kisha, ukifika nyumbani, ingia kwenye mipangilio ya mtandao na utaje kuwa muunganisho wa simu ni wa kulipia kwa kipimo. Windows itapunguza sana upakuaji wake wa kimya kimya. Dada na kaka zetu wanaotoka Bweyeye au Bugarama wataelewa ninachosema.

Programu za kusafisha zinazotangazwa mitandaoni sizihitaji, na kilichoibiwa leseni ndiyo kabisa. Hata zilizo halali zina hatari zake: mwaka 2017 wadukuzi waliingiza programu hasidi ndani ya CCleaner toleo la 5.33, na watu zaidi ya milioni mbili waliipokea kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe wakidhani wanasafisha.

Upande wa flashi mambo hugeuka. Umeipeleka kwenye kibanda cha fotokopi kuchapa, imerudi ina njia za mkato tu, folda zako hazionekani, lakini ukiangalia nafasi bado imejaa. Usiiformati. Kirusi kimeyaficha mafaili yako na kuweka vivuli mahali pake. Skani kwanza, kisha kwenye kidirisha cha amri andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Yatarudi. Vile vivuli ndivyo takataka, vifute.

Limebaki la kompyuta za mtumba, nalo linatuhusu kama Waislamu kabla ya kutuhusu kama watumiaji. Ukikuta folda ya Windows.old kwenye mashine uliyonunua, ndani yake mnaweza kuwamo nyaraka, barua na picha za mwenye awali. Umelipia chuma, hukulipia siri za mtu. Suratun-Nur imetufundisha kutoingia nyumba ya mwingine bila idhini, na sioni kwa nini folda ya familia ya mtu iwe na hukumu nyepesi zaidi. Ukiweza kumpata aliyekuuzia, muulize kama anazihitaji. Ukishindwa, zifute kwa cleanmgr bila kuzifungua. Na usimwite mwenzako aje kutazama.

Nanyi mnaouza kompyuta zenu baada ya mahafali, hasa dada zetu wenye picha za nyumbani wakiwa bila hijabu, jueni kuwa kufuta na kumwaga pipa la taka hakutoshi. Faili lililofutwa mara nyingi hubaki kwenye diski mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na zipo programu za bure za kulifufua. Kabla ya kumkabidhi mnunuzi, nakili kazi zako kwanza, kisha andika systemreset -factoryreset, chagua kuondoa kila kitu, na kwenye mipangilio ya ziada chagua kusafisha diski pia. Inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo chomeka chaja kabla ya kuanza.