Kumwandaa Mgonjwa wa Kifafa na Familia Yake kwa Mikutano ya Utafiti: Mazingira ya Mbulu na Hanang

Utangulizi

Wilayani Mbulu kifafa kimechunguzwa kwa miaka mingi, hasa katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955. Picha za CT za ubongo zilizopigwa hapo zilionyesha kwamba baadhi ya wenye kifafa walikuwa na mabuu ya tegu wa nguruwe katika ubongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta mabuu hayo katika takribani nguruwe 17 kati ya kila 100 waliochunguzwa ulimi wilayani humo.

Matokeo ya aina hii hujadiliwa na wataalamu mikutanoni. Azimio la Helsinki, kama lilivyorekebishwa mwaka 2024, linataka washiriki na jamii zao washirikishwe kabla ya utafiti, unapoendelea na baada yake. Hata hivyo, mwaliko peke yake hautoshi. Mgonjwa asiyeandaliwa anaweza kurudi nyumbani akiwa na madhara kuliko alivyoondoka.

Kabla ya mkutano

Tuchukue mfano wa mama wa Hanang, msemaji wa Kidatoga, aliyealikwa pamoja na binti yake mwenye kifafa. Kwanza, waelezwe nani watakuwapo, maswali gani yataulizwa, na kwamba wakikataa matibabu yao hayatabadilika. Binti naye aulizwe, kwa kuwa siri ni yake. Habari ya kifafa ikienea huweza kumharibia posa. Ridhaa ya kupigwa picha iombwe peke yake, mbali na ridhaa ya kuhudhuria.

Pili, safari ipangwe kwa kuzingatia ugonjwa. Kukosa usingizi na kuruka dozi huweza kuamsha degedege. Wageni wafike siku moja kabla, walale vya kutosha, na wabebe dawa za akiba. Nauli na malazi ya mgonjwa na msindikizaji vilipwe mapema, kwani familia nyingi hazina fedha za kutanguliza.

Wakati wa mkutano

Mkalimani wa Kidatoga au Kiiraqw awepo tangu mwanzo, naye asiwe jirani wala ndugu anayeweza kupeleka habari kijijini. Mgonjwa apewe nafasi ya kusema mapema, kabla maamuzi hayajafikiwa.

Lugha ya wataalamu iangaliwe. Familia ikisikia neno "nguruwe" huweza kudhani inalaumiwa kwa ulaji wake. Ifafanuliwe wazi: kula nyama yenye mabuu isiyoiva humpa mtu tegu tumboni, mabuu ya ubongoni hutokana na kumeza mayai ya tegu yaliyotoka katika kinyesi cha binadamu. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe kabisa anaweza kuugua.

Mgonjwa akianguka, alindwe kichwa na alazwe ubavu. Asishikwe kwa nguvu wala kutiwa kitu mdomoni. Degedege likizidi dakika 5, apelekwe hospitali. Povu la mdomoni haliambukizi kifafa. Mhudumu anayemgusa bila hofu huwafundisha wote waliomo ukumbini.

Baada ya mkutano

Mtu aliyesimulia maisha yake huweza kulemewa na huzuni au majuto usiku huo huo. Mhudumu anayefahamika kwake azungumze naye kabla hajaondoka, na tena baada ya siku chache. Uamuzi uliotokana na maneno yake arudishiwe kwa lugha yake. Ikiwa hoja yake haikukubaliwa, aelezwe sababu.

Hitimisho

Mama anayeamka usiku kumgeuza mwanawe ubavu anajua jambo ambalo picha ya CT haionyeshi. Ujuzi huo ukihitajika mkutanoni, gharama ya kuulinda ni wajibu wa aliyemwita.

Maswali ya kujadili

1. Katika kituo chako, nani humweleza mgonjwa anachoweza kukataa?
2. Mkalimani huchaguliwaje, na mgonjwa huulizwa kama anamkubali?
3. Matokeo ya utafiti wa mwisho yalirudishwa kijijini kwa lugha gani?