Lijue Zege la Kale Kabla ya Kukarabati Nyumba

Ukitaja zege, wengi wetu hufikiria saruji. Lakini pwani yetu ilikuwa na zege lake karne nyingi kabla ya kiwanda cha saruji cha Bamburi kuanza uzalishaji mwaka wa 1954. Hilo lilikuwa zege la chokaa. Msikiti wa Kongo, Diani, karibu na mlango wa mto Mwachema, ni ushahidi wa jinsi ujenzi wa mawe na chokaa unavyodumu.

Lilitengenezwaje?
Matumbawe yalichomwa yakawa chokaa, chokaa ikazimwa kwa maji, kisha ikachanganywa na mchanga na vipande vya mawe. Juu ya kuta zilipangwa boriti za mikoko na kufunikwa kwa mawe. Zege lilimwagwa juu yake na kupigwa kwa vigongo hadi likashikamana. Boriti ndefu mno ingepinda kwa mzigo huo, ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba, kwa kawaida chini ya mita 3.

Kwa nini saruji huziharibu?
Chokaa ina vitundu vidogo vinavyoruhusu unyevu wa ukutani kutoka. Ukipiga lipu ya saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani. Baada ya muda lipu hubanduka na kuondoka na jiwe. Slabu ya saruji na nondo nayo ni nzito kwa kuta hizo. Chumvi ya bahari ikifikia nondo, hushika kutu na kufura, zege likapasuka na kuwaangukia waliomo.

Mwenye nyumba afanye nini?
1. Aanze kwa kuziba paa linalovuja na kuelekeza maji ya mvua mbali na kuta.
2. Atumie chokaa kwa lipu na kujengea mawe. Chokaa huunguza macho na ngozi, hivyo fundi avae glavu na miwani.
3. Boriti iliyooza ibadilishwe kwa boriti, dari ikiwa imeegemezwa. Mikoko inalindwa kisheria, kwa hivyo anunue kwa mwenye kibali.
4. Jengo lililotangazwa rasmi kuwa urithi wa taifa lisibadilishwe bila idhini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, kulingana na sheria ya 2006.

Ukiona ufa unaopanuka au dari inayoshuka, ondoa watu kwanza, kisha mwite mhandisi.