Kusoma Urithi wa Virusi Mahali Penye Ugonjwa

Maradhi mengi ya binadamu yana asili yake kwa wanyama. Kwa hiyo ugonjwa unapozuka, yafaa kuuliza: je, virusi vimetoka kwa mnyama, au kwa mtu? Mara nyingi jibu limo ndani ya virusi vyenyewe.

Kila kirusi hubeba maelekezo ya urithi, yaani mfuatano wa kemikali za aina nne zinazowakilishwa kwa herufi. Kirusi cha Ebola kina herufi zipatazo 19,000. Virusi vinapozaliana, makosa machache ya kunakili huingia katika mfuatano huo. Kwa kuyalinganisha makosa hayo, mtaalamu hutambua virusi vyenye undugu wa karibu.

Zamani kazi hiyo ilihitaji mitambo mikubwa ya maabara. Tangu mwaka 2014 watafiti wametumia chombo kiitwacho MinION, chenye uzito usiofikia gramu 100, ambacho huunganishwa na kompyuta. Ndani yake mna utando wenye matundu madogo mno ya protini, yapitishayo mkondo wa umeme. Uzi wa urithi upenyapo tunduni, herufi zake huubadili mkondo huo, na kompyuta huyafasiri mabadiliko hayo. Urithi wa Ebola, ambao ni RNA, hunakiliwa kwanza kuwa DNA.

Mwaka 2015 watafiti walisafiri na vifaa hivyo kwa ndege hadi Guinea, wakasoma sampuli 142 za Ebola. Baadhi ya majibu yalipatikana katika muda usiozidi saa 24 tangu sampuli kupokewa.

Ebola ilizuka tena nchini humo mwaka 2021. Usomaji wa urithi ulionyesha kwamba virusi vilifanana mno na vile vya mlipuko wa 2013 hadi 2016. Kama vingalikuwa vikiambukizwa mfululizo kwa miaka hiyo yote, makosa yangalikuwa mengi zaidi. Wataalamu wakahitimisha kwamba yaelekea havikutoka upya kwa mnyama, bali vilikuwa vimejificha mwilini mwa mtu aliyepona. Hivyo ikadhihirika kwamba waliopona wahitaji kuangaliwa kwa muda mrefu, pasipo kutengwa wala kulaumiwa.

Hata hivyo, chombo hiki hukosea baadhi ya herufi. Ndiyo maana sehemu moja husomwa mara nyingi. Aidha chahitaji umeme, kemikali zinazohifadhiwa katika baridi, na watu waliofunzwa. Wepesi wake hauondoi haja ya maabara wala ya wataalamu wazalendo.