Sahihi Nane: Je, Wafanyakazi wa Kiwanda cha Uchapaji Wajiunge na Chama?

Ndugu wanachuo, wengi wetu tukisikia "chama cha wafanyakazi" tunawaza Mei Mosi, fulana za bure na hotuba ndefu. Lakini bumu likiisha na ajira ikianza, siku moja utawekewa fomu mezani, na sahihi yako itagusa mshahara wako. Kwa hiyo tujifunze mapema, kwa mfano wa karibu.

Mtoto wa baba yangu mdogo anafanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha uchapaji Bukoba mjini. Mtamboni wako 14. Wanachapa magazeti, kalenda na mitihani ya majaribio ya shule, hata ile niliyoisimamia nikiwa field Muleba. Kazi zikibana, wanakesha. Malipo ya mkesha yanategemea bosi kaamkaje. Sasa wenzake wanapitisha fomu za kujiunga na chama, sita wameshasaini. Akanipigia: "Wewe msomi, nisaini?"

Jibu langu lina sehemu tatu.

Kwanza, haki zenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Sasa kama haki imeandikwa, mbona hapati? Kwa sababu sheria haina miguu. Akienda ofisini peke yake anarudi na jina la mkorofi.

Sisi wa Kagera jambo hili tunalijua kwa jina la butura. Mkulima mwenye shida anauza kahawa ikiwa bado ua mtini, kwa bei anayoitaka mnunuzi. Si mjinga, ila yuko peke yake na ana njaa. Mfanyakazi anayejadili mshahara peke yake naye anauza jasho lake kwa butura.

Pili, utaratibu. Kwetu mara nyingi hakuna sanduku la kura. Kura ni fomu ya TUF 6, ambayo unaisaini kuruhusu ada ikatwe kwenye mshahara. Kifungu cha 67 kinasema chama kilichosajiliwa, kikiwa na wengi wa wafanyakazi wa kundi husika, kina haki ya kutambuliwa kuwa ndicho pekee cha kujadiliana na mwajiri. Kati ya watu 14, wengi ni 8. Chama kikitoa taarifa, mwajiri anatakiwa kukutana nacho ndani ya siku 30. Akikaidi, shauri linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Na kifungu cha 9 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu amejiunga na chama.

Tatu, hofu. Wanaokataa si waoga tu, wana hoja. Walimu tunaotarajia kuajiriwa tunajua habari ya asilimia 2 ya CWT, na kwamba hata asiye mwanachama anaweza kukatwa ada ya uwakala. Kifungu cha 72 kinaruhusu hilo pale chama chenye wengi kinapokubaliana na mwajiri, ingawa hakuna anayelazimishwa kuwa mwanachama. Historia nayo inauma. Mwaka 1964 shirikisho la TFL lilivunjwa, ikaundwa NUTA, na katibu mkuu wake akawa huyohuyo Waziri wa Kazi. Hapo mfanyakazi amlalamikie nani? Mwaka 1976 vyama vya ushirika navyo vikavunjwa kwa amri ya juu. Mzee wa Muleba akisema "chama kazi yake kukata tu", ana sababu.

Lakini tazama upande wa pili. Makhan Singh alifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake jijini Nairobi. Mwaka 1935 akawa kiongozi wa Labour Trade Union of Kenya. Mwaka 1937 chama hicho kiliongoza mgomo wa siku 62, na mishahara ikapanda kwa asilimia 15 hadi 25. Mwaka 1950 wakoloni walimkamata, wakamweka kizuizini hadi 1961. Hakuna mtawala anayehangaika miaka kumi na moja na mtu wa chama kisicho na meno.

Kwa hiyo nilimwambia asaini, ila asisaini na kulala. Kilichoiharibu NUTA ni kwamba wanachama hawakuwa na kauli juu ya viongozi wao. Dawa ya hilo si kukaa nje. Aliyeko nje anaweza kukatwa ada ya uwakala, na bado hana kura.

Nawe ukiletewa fomu, uliza mambo matatu. Ada ni kiasi gani? Hesabu zinasomwa lini na wapi? Mwakilishi wetu tunamchagua sisi? Sheria inatoa mwakilishi 1 kwa wanachama 1 hadi 9, na 3 kwa wanachama 10 hadi 20. Maana yake sahihi 8 zinafungua mlango wa majadiliano, lakini 10 zinawaingiza watu watatu mezani badala ya mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukiridhika na majibu, saini, kisha uhudhurie vikao.