Namna ya Kutambua Nakala Bora ya Filamu ya Highlander

Highlander, filamu ya vita vya upanga baina ya watu wasiokufa, iliongozwa na Russell Mulcahy na kuanza kuonyeshwa Marekani Machi 1986. Kwenye kumbi za sinema za huko haikufua dafu: iliingiza takriban dola milioni 6, ilhali utengenezaji wake uligharimu karibu mara tatu ya fedha hizo. Mashabiki wake wengi ilikuja kuwapata kwa njia ya kaseti za video, watu wakiiangalia sebuleni na kuazimana mkanda hadi unachakaa. Ndiyo maana ubora wa nakala ya kuangalia nyumbani una uzito wa pekee kwa filamu hii. Wengi wanaoipenda hawajawahi kuiona kwingine, na Highlander wanayoikumbuka ni ile ya VHS: giza lililofifia likawa kijivu, rangi nyekundu inayovuja nje ya mipaka yake, na moshi uliogeuka kuwa chenga.

Anayetafuta nakala ya kuhifadhi aanze na urefu wa filamu kabla hajauliza habari za picha. Matoleo makuu ni mawili. Lile la kumbi za Marekani lina dakika 110 hivi. La Ulaya lina dakika 116. Sehemu kubwa iliyokatwa kwa Wamarekani ni tukio la Vita vya Pili vya Dunia, ambapo Connor MacLeod, steringi wa filamu, Mskoti asiyekufa aliyeigizwa na Christopher Lambert, anamwokoa mtoto wa kike aitwaye Rachel mikononi mwa askari wa Kinazi, anamiminiwa risasi, kisha anainuka mzima mbele ya macho ya mtoto huyo. Tukio ni fupi, lakini kuliondoa kunaumiza hadithi nzima. Rachel mtu mzima, aliyeigizwa na Sheila Gish, ndiye anayemsaidia Connor katika biashara yake ya vitu vya kale jijini New York. Kwa sura ni mkubwa kuliko steringi, na bado anampenda na kumhofia kama binti kwa baba yake. Asiyeona tukio la vita hawezi kuelewa upendo huo umetoka wapi, na wanapoagana karibu na mwisho haoni uchungu unaostahili. Toleo la dakika 116 ndilo la kutafutwa. Diski nyingi za miaka ya karibuni zinalo. Kaseti za zamani za Marekani hazina.

Hata hivyo, dakika zilizoandikwa kwenye jalada zina mtego. Filamu ya sinema hupita kwa kasi ya picha 24 kwa sekunde, lakini televisheni za mfumo wa PAL, uliotumika sehemu kubwa ya Ulaya na pia Tanzania na Kenya, zilipitisha picha 25. Kwa kaseti na DVD za PAL, njia ya kawaida ilikuwa kuiharakisha filamu nzima kwa asilimia 4. Hesabu yake inachanganya: dakika 116 zikiharakishwa hivyo hubaki 111, karibu sawa kabisa na toleo fupi la Marekani likiwa katika kasi yake halisi. Kwa hiyo DVD ya Uingereza iliyoandikwa dakika 111 inaweza kuwa ndilo toleo kamili, na ya Marekani yenye idadi hiyohiyo ikawa ile iliyokatwa. Kipimo cha uhakika ni kutafuta tukio la Rachel mtoto. Likiwepo, filamu ni nzima.

Kasi hiyo inaathiri sauti pia. Muziki hupanda kwa zaidi ya nusu ya umbali ulio kati ya vitufe viwili vinavyopakana vya kinanda, isipokuwa watayarishaji wawe wameurekebisha. Katika filamu nyingine kasoro hii ingepita bila kuonekana. Katika Highlander haipiti, kwa sababu nyimbo ni za Queen, na sauti ya Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, inajulikana na watu wengi kupita sauti ya mwigizaji yeyote aliyemo. Mkewe Connor, Heather, anapozeeka huku yeye akibaki kijana, wimbo ndio unaobeba huzuni yote. Ukiwa umekimbizwa, sauti inakuwa nyembamba na pumzi kati ya maneno zinapungua. Blu-ray na diski za 4K hurudisha kasi ya picha 24, na hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuachana na DVD ya PAL.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki kuna suala la maeneo ya diski. DVD zimegawanywa kwa namba: Marekani ni eneo la 1, Ulaya Magharibi la 2, sehemu kubwa ya Afrika la 5, hivyo deki iliyofungwa kwa eneo la 5 inaweza kuzikataa DVD za London na za New York pia. Blu-ray ni nafuu kidogo. Afrika na Ulaya ziko pamoja katika eneo B, na diski ya Uingereza hucheza bila tatizo kwenye deki iliyonunuliwa kwa ajili ya eneo letu, wakati ya Marekani yenye alama A inaweza kugoma. Diski za 4K hazina ugawaji huo.

Suala la chanzo cha picha ndilo lenye mambo mengi zaidi. Diski mpya iliyotengenezwa kwa kunakili mkanda wa zamani hubaki na kasoro zote za mkanda huo, hata kama jalada linang'aa. Mwaka 2016, filamu ilipotimiza miaka 30, kampuni ya StudioCanal ilitoa ukarabati wa kipimo cha 4K, na mwaka 2022 ikafuata diski ya 4K yenyewe. Hapo ndipo kazi ya mpigapicha Gerry Fisher ilipoanza kuonekana nyumbani inavyostahili. Fisher na Mulcahy walijaza moshi karibu kila mahali, wakaweka taa nyuma ya waigizaji, wakaacha nyuso nusu gizani. Moshi wa namna hiyo, juu ya chembe za asili za filamu ya milimita 35, ni mgumu kuliko kitu chochote kuuhifadhi katika diski. Nafasi ikiwa finyu, moshi hukatikakatika kuwa miraba midogo inayorukaruka.

Kuna watayarishaji wanaokimbia tatizo hilo kwa kuzifuta chembe zote kwa kompyuta. Matokeo yake ni ngozi laini kama nta ya mshumaa, ndevu zilizoungana kuwa doa moja, na sufu ya nguo za Waskoti isiyo na nyuzi. Mtazamaji asiyezoea anaweza kuiita picha safi. Si safi, imekwanguliwa. Chembe ndogo zinazotembea sawasawa katika kila picha ni sehemu ya filamu yenyewe, na nakala inayoziacha ndiyo inayoheshimu kazi iliyofanyika. Dalili nyingine ya kuchezewa ni mstari mweupe mwembamba unaozunguka kichwa cha mtu akisimama mbele ya anga: picha imenolewa kwa nguvu ili ionekane kali.

Ukaguzi hauhitaji filamu nzima. Pambano la mwanzo katika maegesho ya magari chini ya Madison Square Garden linatosha kuonyesha mengi. Panga za Connor na mpinzani wake Fasil zinapogonga nguzo na kutoa cheche, kila cheche iwe na ncha yake, na nyuma yake magari yaliyoegeshwa kivulini yaendelee kuonekana kuwa magari. Nakala dhaifu huonyesha kimoja tu: ama cheche zenye giza tupu nyuma, ama magari yaliyofunikwa na ukungu wa kijivu. Kwa rangi, yafaa kuruka hadi kwa Ramírez, mwalimu wa Connor aliyeigizwa na Sean Connery, mavazi yake mekundu na manyoya ya tausi yakiwa mbele ya majani ya nyanda za juu za Scotland. Kisha bango jekundu la Silvercup juu ya paa, ambako steringi na adui yake Kurgan, aliyeigizwa na Clancy Brown, wanaanza pambano lao la mwisho. Taa nyekundu katika giza ni mtihani ambao VHS haikuuweza kamwe na DVD iliuweza kwa taabu, kwa kuwa mifumo hiyo huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko mwanga. Katika diski ya 4K yenye mfumo wa mwanga na rangi wa Dolby Vision, herufi za bango zinawaka bila kuvuja, na ni vigumu kurudi nyuma baada ya kuziona hivyo.

Kuna kasoro ambazo hakuna diski itakayoziondoa, na si haki kuilaumu nakala kwa ajili yake. Picha zenye radi za kuchorwa kwa mkono, zile zinazomvaa mshindi baada ya kumkata kichwa mwenzake, zilitengenezwa kwa kunakili filamu juu ya filamu, kwa hiyo huonekana zenye chembe kubwa na ukungu kuliko picha zinazozitangulia. Vivyo hivyo kamera inapopanda kutoka ndani ya tangi la samaki la Connor na kuibukia ziwani Scotland: muunganisho unaonekana, na unapendeza hivyo hivyo. Waya zilizomwinua Lambert mwishoni, ambazo giza la VHS lilizificha, huonekana wazi zaidi kadiri picha inavyoboreka.

Nakala za kuchoma zenye filamu nyingi katika diski moja hazifai hata kwa kuonja filamu hii. DVD ya kawaida ina nafasi ya gigabaiti 4.7; ikigawanywa kwa filamu kumi, moshi wote wa Fisher unakwisha. Huduma za filamu kwa njia ya intaneti ni bora kuliko hizo, ila hutuma data kidogo kuliko Blu-ray, na kwenye matukio ya ukungu tofauti huonekana.

Mwisho ni televisheni yenyewe. Katika mipangilio yake kuna kipengele kinacholainisha mwendo kwa kubuni picha za katikati. Kizimwe, maana huifanya filamu ifanane na tamthilia ya studio. Ukali wa picha ushushwe hadi karibu na sifuri, na hali ya rangi iwekwe ile iitwayo ya sinema au ya mtengenezaji wa filamu. Kwa sauti, diski ikiwa na njia ya stirio ya awali pamoja na ile ya spika sita, zote mbili zijaribiwe wakati wa tukio la mieleka mwanzoni, ambapo kelele za watu zinagombana na kumbukumbu za Connor za vita vya Scotland vya mwaka 1536. Kwa chumba chenye spika mbili tu, stirio ya awali mara nyingi huleta maneno ya waigizaji kwa uwazi zaidi.